Ukimwona Vital, Kanyaga

Mume wangu Delphin hakunichumbia kwa maua. Alinichumbia kwa sanamu. Wakati ule wote wawili tulikuwa wageni Bunia, huku mashariki mwa Kongo, kila mmoja ametoka Butembo kwa njia yake, nami nilikuwa nauza maharagwe sokoni. Akaja, akasimama mbele ya meza yangu bila kununua kitu, akasema kuna simba wa saruji kwenye barabara ya Nizi ambaye anafanana na mbwa mwenye jino bovu, na kama sijamwona bado sijaanza kuishi. Nilimjibu kwamba mbwa nimeona wa kutosha, apishe wateja.

Kesho yake alirudi na habari ya jino lenyewe. Mtu mmoja anayeitwa Honoré, mng'oa meno, alikuwa amejenga mbele ya nyumba yake jino la saruji lenye ukubwa wa mbuzi, na mizizi yake mitatu, akalipaka chokaa, na kuku wake walikuwa wanalala katikati ya ile mizizi. Hapo nilicheka. Na mwanamke akishacheka mbele ya mwanaume wa aina ya Delphin, habari yake imekwisha. Kabla ya mvua kurudi tulikuwa tumeoana.

Delphin alikuwa mtu wa chukudu. Kwa asiyeijua, chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ubao mrefu wa kupakia mizigo, na usukani uliotanuka kama pembe za ng'ombe. Injini hakuna, pedali hakuna, kiti hakuna. Kupanda mlima unaisukuma mpaka kifua kinawaka. Kushuka unapiga goti moja kwenye ubao, mguu wa pili unauacha huru, na mlima wenyewe unakubeba. Breki ni kipande cha tairi kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga kwa kisigino na unamwomba Mungu akanyage pamoja nawe.

Tena kuna jambo moja ambalo watu wanaotuona tukipita hawalijui. Ukishapakia magunia ya kabichi, ambazo siye tunaziita shu, mzigo unakuwa mrefu kuliko kichwa chako. Mbele huoni kitu. Unaona ukingo wa kulia wa barabara tu, unavyopita kando ya bega lako. Kwa hiyo mtu wa chukudu anasafiri kwa alama. Hapa pinda, hapa acha iende, hapa kanyaga. Zamani alama zilikuwa miti, lakini miti ilikatwa ikawa makaa, na kwenye barabara ya Nizi zikabaki sanamu. Watu wa barabara ile walikuwa na ugonjwa wa sanamu, sijui waliutoa wapi. Mmoja akipata dhahabu kidogo, anajenga simba. Jirani yake akiona simba, hapati usingizi mpaka ajenge kitu chake.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilishuka naye mara nyingi. Nilikaa juu kabisa ya magunia, miguu ikining'inia, nikawa macho yake. Upepo ulinivua kitambaa, nikapiga kelele, yeye nyuma akacheka. Tulipita kwa Mtakatifu Yosefu wa kapela, kanisa dogo la njiani, aliyechongwa kwa mti mmoja, mkono wa kulia mrefu na wa kushoto mfupi, kwa sababu fundi alianza na wa kulia akasahau kupima. Tukapita kwa simba wa Gustave, mnunuzi wa dhahabu, mwenye macho ya gololi za kioo, na kweli alikuwa mbwa mwenye jino bovu. Nilimwambia Delphin kwamba huyu simba angefaa kupelekwa kwa Honoré. Delphin alilirudia neno hilo mbele ya watu mwaka mzima kana kwamba lilikuwa lake.

Lakini mkubwa wao alikuwa Vital. Huyu alikuwa mtu kweli kabla ya kuwa mti. Alikuwa kantonye, yaani mtu wa kuchunga kipande chake cha barabara kwa koleo na toroli, na kipande chake kilikuwa mteremko mrefu unaoishia kwenye daraja dogo. Alipokufa, mwanawe Lucien, ambaye kazi yake ni kutengeneza majeneza, alimchonga baba yake kwa mti mgumu na kumsimika katikati ya mteremko, upande wa kulia, koleo mkono mmoja na mkono wa pili umeinuliwa, vile alivyokuwa akisimamisha malori ili amalize kufukia shimo. Pua ilikuwa kubwa mno. Watu walipomlalamikia Lucien, alisema ya baba yake ilikuwa kubwa zaidi, yeye ameipunguza kwa heshima.

Kwa watu wa chukudu, Vital ndiye aliyekuwa anashika maisha yao. Ukianza kukanyaga breki pale aliposimama, unafika kwenye daraja kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukichelewa, mguu hautakusaidia kitu, utaingia mtoni na shu zako. Kijana akianza kazi, la kwanza analofundishwa na wakubwa ni hilo: ukimwona Vital, kanyaga. Usifikiri, usihesabu, usichungulie mbele. Kanyaga tu.

Halafu vita ikafika mpaka kwetu.

Sitaieleza vita. Wengine wameieleza, na kila mmoja anaanza pale ambapo jirani yake alimkosea. Mimi niliijua kwa njia ya Delphin, kwa sababu alinikataza kupanda chukudu tena. Alisema mwanamke juu ya magunia anaonekana kutoka mbali. Nilikasirika, nikanuna siku nzima, mwisho nikakubali. Basi akawa kila akirudi, kabla hata ya kunawa, ananipa habari ya barabara. Simba wa Gustave ametobolewa macho, mtu ameenda na zile gololi, na Gustave mwenyewe amekimbilia Uganda. Jino la Honoré limevunjwa mzizi mmoja kwa risasi, limeinama, kuku wameliwa. Mtakatifu Yosefu amekatwa vipande na askari waliolala kapelani, wamepikia maharagwe.

"Na Vital?" niliuliza kila mara.

"Vital iko."

Nilikuwa nikisikia hivyo ninaweza kula. Tulijua ni ujinga. Watu walikuwa wanakufa Bogoro, Nizi, katikati ya Bunia kwenyewe, na siye wawili tunaulizana habari ya mti wenye pua kubwa. Lakini kama Vital alikuwa amesimama, Delphin alikuwa na njia ya kurudi nyumbani, na mimi sikuomba zaidi ya hapo.

Pale kwenye daraja wale watu wa bunduki waliweka bariere, kizuizi cha barabara. Ilikuwa mti mrefu wa mkaratusi, jiwe limefungwa upande mmoja, kamba upande wa pili. Kila chukudu ilisimama, ikaacha shu kadhaa, kamba ikalegezwa, mti ukainuka kwa uzito wa jiwe, ukapita. Delphin aliizoea. Alisema tofauti ya wale na kodi za zamani ni kwamba hawa hawakupi karatasi. Kwake breki ilikuwa ileile, kwa sababu bariere ilikuwa palepale penye daraja, na Vital alikuwa palepale penye mteremko.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka 2002, asubuhi ya ukungu. Delphin alikuwa amelala Nizi ili apakie mapema. Mimi nilikuwa sokoni, ndiyo kwanza naanza kutandika meza, nikamwona Abdoul anakuja. Abdoul alikuwa mwenzake wa chukudu, wakitembea pamoja mara zote. Alikuja peke yake na kwa miguu.

"Mama Kahindo, kaa kwanza."

"Nitasikia nikiwa nasimama. Sema."

"Bamemupiga Delphin risasi. Pale ku daraja."

"Iko hai?"

"Hapana, mama."

Sikukaa. Nakumbuka niliendelea kupanga mafungu ya maharagwe, na Abdoul akanishika mikono ili niache. Kisha akanieleza, na alieleza vizuri, maskini, kwa kuwa alikuwa amekuja njia nzima akiyapanga maneno. Jana magharibi wale watu wa bariere walimng'oa Vital. Walikuwa wanacheza. Walimshusha mpaka chini, wakamsimika hatua chache tu mbele ya bariere, wakamvalisha bere, ile kofia ya kijeshi, kwa sababu alikuwa na mkono umeinuliwa na walisema huyu ni askari asiyeomba chakula.

"Delphin alikuwa namungojea Vital," Abdoul alisema. "Miye mzigo yangu ilikuwa kidogo, niliona mbele. Niliona Vital haiko pa nafasi yake. Nilimuita, mama. Nilimuita sana. Ukungu na kelele ya magurudumu, hakusikia. Akapita pale. Akaenda, akaenda. Alipomuona, alikanyaga. Lakini ilikuwa imeisha. Akagonga ule mti ya bariere, akapita na yeye mpaka ku daraja. Bakapiga. Miye niliacha chukudu yangu, nikajificha ku majani, nikasikia maneno yabo yote mpaka bakaniona, nikakimbia."

Nilimuuliza mwili uko wapi. Akatazama chini.

"Uko pale, nyuma ya kibanda yabo. Komanda anasema alivunja bariere, anasema iko mutu ya adui. Mutu ya kuvunja bariere habamuzikake. Bakimaliza kula, batamutupa mu lile shimo ya zamani ya dhahabu."

Lile shimo nililijua. Kila mtu alilijua. Wachimbaji waliliacha tangu zamani, halina mwisho, na wakati ule lilikuwa limeshapokea wengi. Aliyeingia mle hana kaburi, hana msalaba, hakuna mahali pa kwenda kumlilia. Mume nilikuwa nimeshampoteza, hilo nililielewa hata kama sikuwa nimelikubali. Lakini shimoni sikutaka aingie. Nilivua aproni nikaanza kutembea.

Abdoul alinisindikiza mpaka nyumba za mwisho. Hapo alisimama. Alilia, akasema wamemwona, wakimwona tena watamuua. Sikumlaumu. Nilimwambia aende kwa Lucien amwambie atengeneze jeneza la mtu mrefu.

Nilipofika darajani ukungu ulikuwa umeshaondoka. Kitu cha kwanza nilichokiona ni shu. Zilikuwa zimetawanyika barabarani kote, na askari wawili walikuwa wanazichagua kama wanawake wa sokoni, wanazibonyeza, wanaacha zilizopasuka. Chukudu ilikuwa imelala ubavu, haikuvunjika kitu, na mti wa bariere walikuwa wameshaurudisha mahali pake. Na hapo kando ya barabara, kabla ya bariere kwa anayeshuka mlima, alikuwa amesimama Vital na bere yake. Nilimchukia siku ile kuliko wale wenye bunduki. Najua haikuwa haki.

Delphin alikuwa nyuma ya kibanda, kifudifudi, viatu wameshamvua. Soksi zake nilizishona mimi. Niliuma kitambaa changu ili nisilie mbele yao, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufanya na mtu anayelia anafukuzwa haraka.

Komanda wao alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anakula. Hakuwa mtu wa milima yetu. Alitoka nchi ya tambarare, lugha yake ilionyesha, na alikuwa na uso wa mtu ambaye amechoka kukaa mahali pamoja.

"Weye ni bibi ya ule mutu?"

"Ndiyo, afande. Nimekuja kumuchukua bwana yangu."

"Bwana yako alivunja bariere."

"Hakuvunja. Alishindwa kusimama."

Alitafuna polepole. "Mama, miye si mutoto. Gari naweza kusema breki imekufa. Pikipiki pia. Ile ni mbao. Haina moteri, haina mafuta ya esansi. Mbao itamushinda mutu nguvu namna gani?"

Nilimweleza. Nilimweleza uzito wa mzigo, mteremko, kisigino na kipande cha tairi. Nikamwonyesha Vital, nikamwambia kwamba watu wote wa chukudu wanakanyaga wakimwona huyu, na kwamba mahali pake ni kule juu, si hapa. Akamgeukia Vital, akamtazama pua mpaka miguu, halafu akawatazama vijana wake.

"Basi, mama, ni ule mti ndiye komanda wenu?"

Wakacheka wote. Yaani walicheka kwa kupenda, si kwa kuogopa. Nami nikaona kwamba yule mtu hakuwa amenikasirikia hata kidogo. Alikuwa na uvivu tu. Delphin kutupwa shimoni au kutotupwa, kwake vilikuwa sawa, na lililo jepesi zaidi ndilo angelifanya. Shimo lilikuwa karibu.

Nilisema kabla ya kufikiri. "Afande, sukumisha hii chukudu mpaka kule juu. Pakia mizigo yake yote. Miye nitashuka sawa vile yeye alishuka. Nitakanyaga breki nikimuona Vital pale mulimuweka, si kabla. Kama nikisimama, niko mwongo, unitupe mu shimo pamoja na yeye. Kama nikishindwa kusimama, unipe mwili yake niende."

Aliacha kula. Kwa mara ya kwanza alinitazama vizuri.

"Na bariere itabaki imefungwa," akasema.

"Ibaki."

"Na kama vijana bakiogopa, bakakupiga?"

"Bamezoea."

Watu wakiisimulia habari hii mbele yangu leo huniita shujaa, na mimi huwaambia wanyamaze. Mwili wangu wote ulikuwa na hasira, hapakuwa na nafasi ya ushujaa. Tena nilikuwa sijawahi kuendesha chukudu maishani mwangu. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia tu, kama malkia.

Waliokota shu, wakazirudisha kwenye magunia. Zilipopungua wakajaza mchanga. Askari wawili waliamriwa wasukume nami, wakasukuma huku wakinitukana, mimi na mume wangu na mtu aliyevumbua chukudu. Njiani tulipita mahali pa Vital. Pamebaki kishimo, kimejaa maji ya mvua. Nilidhani kingekuwa kikubwa zaidi.

Juu kabisa tuliigeuza. Kwenye ubao kulikuwa na kile kipande cha godoro alichokuwa akipigia goti, na kilikuwa na damu. Nilikigeuza upande wa pili. Nikapiga goti langu pale lilipokuwa goti lake, na palikuwa pamebonyea kwa umbo lake, langu halikuenea vizuri. Nilishika usukani. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa magunia. Kulia kwangu ukingo wa barabara, majani, udongo mwekundu. Ndivyo alivyokuwa akiiona dunia kila siku, na mimi kule juu nilikuwa naona milima yote. Nilimhurumia sana. Nikasukuma.

Chukudu haianzi kwa haraka. Mwanzoni nilidhani nimedanganya, kwamba itasimama yenyewe na komanda atacheka. Kisha magurudumu yakaanza kuimba ile sauti yake, na usukani ukawa mzito, na majani ya ukingoni yakaacha kuwa majani, yakawa kijani tu. Nilikiona kile kishimo cha maji kinakuja. Mguu wangu ulitaka kukanyaga wenyewe. Sikuwahi kufundishwa, lakini safari zote zile juu ya magunia nilikuwa ninaita mimi: Vital, kanyaga, Vital, kanyaga. Niliuzuia mguu kwa nguvu zangu zote. Kishimo kikapita.

Baada ya hapo hakuna kitu. Ni barabara na kasi, na unamngojea mtu aje akuambie sasa. Delphin alimngojea pale. Aliamini atakuja. Niliiona imani ile kwa macho yangu, nikalia sasa, upepo ukayapeleka machozi masikioni.

Halafu Vital akatokea, na bere yake na mkono wake juu. Nilikanyaga kwa kisigino. Nikakanyaga kwa uzito wangu wote, nikasimama kabisa juu ya kile kipande cha tairi, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Chukudu haikujali. Nilisikia watu wanapiga kelele, nikasikia bunduki inakokiwa. Nilifumba macho.

Bariere haikunigonga. Nilipita, mbao za daraja zikanguruma chini yangu, kisha upande wa pili nikaingia kwenye tope na magunia yakaniangukia. Mkono wa kushoto ulilia kama kijiti kinachovunjika. Nilipotoa kichwa nje ya shu, niliona ule mti wa bariere umesimama juu, bado unayumba, na kijana mmoja ameshika kamba.

Komanda alikuwa amesimama, anapiga makofi. Alicheka mpaka akafuta macho. "Kweli," akasema, "kweli ile kitu haina breki! Mumupe bwana yake." Akarudi kwenye kiti chake na sahani yake. Nilikuwa nimeshinda. Ilikuwa rahisi namna ile.

Wengine wakaenda zao kuota moto. Aliyebaki ni yule wa kamba. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, amevaa koti la mvua la mwanamke. Aliinua chukudu kutoka kwenye tope bila kuambiwa, akairudisha mpaka kibandani, akaondoa mchanga na magunia, akapangusa ubao kwa mkono wake. Nilimuuliza jina. Akasema Yannick.

"Aksanti ya kufungua, Yannick."

Alikuwa anatafuta kamba ya kumfungia Delphin asidondoke njiani. Alipoipata alibaki anaizungusha mikononi.

"Mama, miye ni wa Nizi," akasema, kwa sauti ya chini ili kule motoni wasisikie. "Nilisukumaka chukudu tangu mutoto. Papa yangu alikuwa nayo."

Nilivua kitambaa changu, nikamfunika Delphin kichwa.

"Nilikuwa najua haiwezi kusimama. Asubuhi nilimuona anakuja, nikaona vile anakanyaga, mpira inatoa moshi. Nilimujua. Papa Delphin. Alinipatiaka shu."

"Na ni nani alimupiga?"

Alitazama bunduki yake, ilikuwa imeegemea ukuta.

"Kamba ilikuwa mu mkono yako," nikasema.

"Ndiyo."

"Sasa juu ya nini haukufungua?"

"Komanda alikuwa naniangalia," Yannick akasema. "Asubuhi hakukuwa mchezo. Weye ulipokuja, ilikuwa mchezo. Bote tunajua, mama. Bengi hapa ni batu ba huku. Hakuna mutu hapa hajui chukudu, ni komanda tu. Weye nilikufungulia."

Alinitazama, na naapa alikuwa anangoja neno zuri kutoka kwangu. Nami nilitafuta la kumfanyia. Nilitafuta jiwe, nikatafuta mate, nikatafuta laana za bibi zangu wa Butembo. Nilikuwa nimeshuka mlima mzima ili kuwaonyesha kitu ambacho walikijua tangu asubuhi, kabla Delphin hajalala chini, na walichokosa asubuhi ile hakikuwa kujua.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umevunjika, na Delphin alikuwa mtu mrefu, mzito, tena siku ile alikuwa mzito zaidi. Nilimshika kwapani kwa mkono mmoja nikajaribu kumwinua, nikashindwa. Nikajaribu tena.

Kisha nikamwambia Yannick ashike miguu.